Kutegemeka kwa Dereva Katika Zama za Magari Yenye Akili

Makala ya leo yanamwangazia mtu ambaye kila msafiri humkabidhi roho yake bila ya kumuuliza swali hata moja. Mtu huyo ni dereva. Kwa mujibu wa ripoti ya Shirika la Afya Duniani, WHO, iliyotolewa mwaka 2023, watu wapatao milioni 1.19 walipoteza maisha katika ajali za barabarani duniani kote mwaka 2021, na zaidi ya tisa katika kila kumi kati yao walifia katika nchi zenye kipato cha chini na cha wastani.

Wahandisi wa magari wana desturi ya kupima kila kifaa kabla ya kukiamini. Breki hupimwa, tairi hupimwa, taa hupimwa, na kila kimoja hupewa kiwango chake cha kutegemeka, yaani uwezekano wa kifaa hicho kufanya kazi yake ipasavyo kwa muda fulani na katika mazingira fulani. Sasa barabara na magari yamejazwa kompyuta, kamera na vitambuzi, mambo ambayo kwa ujumla huitwa mifumo ya uchukuzi yenye akili. Swali linaloulizwa na wataalamu ni hili: je, na dereva naye anaweza kupimwa vivyo hivyo? Na akipimwa, akaonekana kuwa ni kiungo dhaifu, dawa ni kumwondoa, kumchunga, au kubadilisha kazi anayopewa?

Ili kuelewa uzito wa swali hilo, inafaa kurejea Uingereza, katika asubuhi ya tarehe 28 Februari mwaka 2001. Dereva mmoja alikuwa akiendesha gari aina ya Land Rover lililokuwa likivuta tela kwenye barabara kuu ya M62, kaskazini mwa nchi hiyo. Muda mfupi baada ya saa kumi na mbili asubuhi, karibu na kijiji cha Great Heck, gari hilo liliacha njia, likateremka ukingoni na kuishia juu ya reli. Dereva alitoka salama na kupiga simu ya dharura. Kabla hajamaliza kuzungumza, treni ya abiria iliyokuwa ikielekea London ililigonga gari lile, ikaacha njia yake, kisha ikakutana uso kwa uso na treni ya mizigo iliyobeba makaa ya mawe. Watu 10 walikufa na zaidi ya 80 wakajeruhiwa.

Mahakamani upande wa mashtaka ulieleza kwamba dereva huyo hakuwa amelala usiku uliotangulia. Alihukumiwa kifungo cha miaka mitano. La kuzingatia hapa, wapenzi wasikilizaji, ni kwamba gari lake halikuwa na kasoro iliyosababisha ajali ile. Treni zote mbili zilikuwa zinafuata njia zake. Kilichoshindwa kufanya kazi katika mtambo mzima wa barabara na reli ni kitu kimoja ambacho hakuna fundi aliyekipima asubuhi ile, nacho ni umakini wa mwanadamu.

Elimu ya kupima kutegemeka kwa mwanadamu haikuanzia barabarani. Ilikulia katika viwanda vya silaha na vinu vya nishati ya nyuklia. Nchini Marekani, mtaalamu Alan Swain wa maabara za Sandia alikuwa miongoni mwa waasisi wa mbinu za kukadiria uwezekano wa mfanyakazi kukosea, na kazi hiyo ilipata msukumo mkubwa baada ya ajali ya kinu cha Three Mile Island mwaka 1979. Huko Uingereza, katika miaka ya 1980, mtaalamu aitwaye Williams alitunga mbinu nyingine iliyopewa jina la HEART. Mbinu hiyo ni nyepesi kuielewa, na inafaa ifafanuliwe kwa sababu inafichua jambo kubwa.

Kwanza, kila kazi hupewa kiwango chake cha kawaida cha kukosewa. Kazi iliyozoeleka kabisa, inayofanywa mara nyingi na mtu aliyefunzwa vizuri na mwenye muda wa kujirekebisha, hukadiriwa kukosewa mara 4 katika kila mara 10,000. Kisha huangaliwa hali zinazomzunguka mfanyakazi. Ikiwa amekumbana na jambo asilolizoea lakini lenye umuhimu mkubwa, kiwango hicho huweza kuzidishwa hadi mara 17. Ikiwa hana muda wa kutosha wa kulitambua kosa na kulirekebisha, huzidishwa hadi mara 11. Hali hizo mbili zikikutana kwa ukali wake wote, makosa 4 katika mara 10,000 hugeuka kuwa takriban 75 katika kila mara 1,000. Mtu ni yule yule, mafunzo ni yale yale, na leseni mfukoni haijabadilika. Kilichobadilika ni hali aliyowekwa.

Takwimu hizo zilitungwa kwa ajili ya viwanda, na haziwezi kuhamishiwa barabarani kama zilivyo. Hata hivyo funzo lake linasafiri vizuri. Kutegemeka kwa mwanadamu si tabia ya kudumu kama rangi ya macho yake. Hupanda na kushuka kwa mujibu wa saa, uchovu, kazi, na vyombo alivyopewa.

Katika suala la uchovu, sayansi imepiga hatua ya kuridhisha. Mwaka 1982, mtafiti Alexander Borbély wa mjini Zürich, Uswisi, alieleza kwamba usingizi hutawaliwa na nguvu mbili. Nguvu ya kwanza ni deni: kila saa ambayo mtu yu macho huongeza hamu ya kulala, na deni hilo hulipwa kwa usingizi tu. Nguvu ya pili ni saa iliyomo mwilini, ambayo hupandisha na kushusha uchangamfu katika mzunguko wa takriban saa 24, awe mtu amelala au hakulala. Nguvu hizo zinaposhirikiana vibaya, yaani deni likiwa kubwa na saa ya mwili ikiwa chini, kama inavyokuwa kati ya saa nane za usiku na saa kumi na mbili za alfajiri, umakini huporomoka. Bila shaka msikilizaji amekumbuka saa iliyotokea ajali ya Great Heck.

Mwaka 1997, watafiti Drew Dawson na Kathryn Reid wa Australia walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kulinganisha uchovu na ulevi. Waligundua kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hufanya kazi za uratibu wa macho na mikono kwa kiwango sawa na mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu, na baada ya saa 24 bila ya usingizi huwa sawa na mwenye takriban asilimia 0.10. Katika nchi nyingi, dereva mwenye kiwango hicho cha pili cha pombe hupelekwa mahakamani. Lakini aliyekesha hana harufu mdomoni, wala hakuna kipimo cha kupuliza kitakachomfichua akisimamishwa na askari.

Hapa ndipo vyombo vya kisasa vilipoingia. Katika miaka ya 1990, watafiti nchini Marekani walibuni kipimo kinachohesabu ni sehemu gani ya dakika ambayo kope za dereva zimefunika angalau asilimia 80 ya mboni. Kope zikianza kushuka polepole na kukawia kupanda, kompyuta hutambua kwamba usingizi unabisha hodi. Mifumo mingine haimtazami dereva usoni bali huchunguza anavyoushika usukani: dereva aliye macho hurekebisha mwelekeo kidogo kidogo bila ya kukoma, ilhali anayesinzia hukaa kimya kwa sekunde kadhaa kisha akastuka na kuukata usukani kwa nguvu. Katika Umoja wa Ulaya, vyombo vya kutoa onyo la usingizi vimekuwa sharti la kisheria kwa aina mpya za magari tangu Julai 2022, na kwa magari yote mapya yanayosajiliwa tangu Julai 2024.

Kwa nini sekunde kadhaa ziwe na uzito kiasi hicho? Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hupita karibu mita 28 katika kila sekunde. Usingizi wa ghafla wa sekunde tatu tu, ambao mara nyingi dereva mwenyewe hajui kwamba umempata, humaanisha zaidi ya mita 80 za barabara zilizopitwa na chombo kisicho na nahodha.

Hata hivyo, chombo cha onyo nacho kina mtihani wake, na mtihani huo ni wa hesabu. Chukua mfano wa dereva ambaye katika kila dakika 1,000 za kuendesha huwa na dakika moja tu ya hatari ya kweli. Chombo chake kikiwa hodari wa kuikamata dakika hiyo bila ya kuikosa, na kikikosea mara moja tu katika kila dakika 100 za usalama, kitatoa maonyo ya uongo yapatayo 10 kwa kila onyo moja la kweli. Dereva atafanya nini? Wahenga walikwisha sema kwamba makelele ya mlango hayamnyimi mwenye nyumba usingizi. Onyo lililozoeleka hugeuka kuwa makelele ya mlango, na wapo madereva wanaokizima chombo kabisa.

Baadhi ya makampuni yameona kwamba njia ya mkato ni kumwachia kompyuta usukani, na mwanadamu abaki kuwa mwangalizi tu. Kwa masikio ya wengi, jambo hilo linaonekana kuwa la busara: kompyuta haichoki, wala haina deni la usingizi. Lakini wanasaikolojia walikuwa wametahadharisha juu ya njia hiyo miongo mingi kabla.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, jeshi la anga la Uingereza lilitaka kujua kwa nini waendeshaji wa rada, vijana wenye afya na ari, walikuwa wakikosa kuziona alama za manowari za adui. Mtafiti Norman Mackworth wa Cambridge alitengeneza uso wa saa usio na namba, wenye mshale uliokuwa ukiruka hatua moja moja. Mara chache, mshale uliruka hatua mbili kwa pamoja, na kazi ya mtazamaji ilikuwa ni kuugundua mruko huo, kwa muda wa saa mbili. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 1948, yalionyesha kwamba uwezo wa kugundua ulishuka waziwazi ndani ya nusu saa ya kwanza tu. Vijana wale hawakuwa wavivu. Akili ya mwanadamu haikuumbwa kukodolea macho jambo ambalo karibu halitokei.

Mwaka 1983, mwanasaikolojia Lisanne Bainbridge wa London aliliendeleza wazo hilo katika makala iliyokuja kusomwa sana na wahandisi. Hoja yake ni kwamba mbunifu wa mtambo humwondoa mwanadamu kwa madai kuwa hategemeki, kisha humwachia zile kazi ambazo mbunifu mwenyewe ameshindwa kuziwekea mashine. Mwanadamu hubaki na mambo mawili: kutazama kwa saa nyingi, kazi asiyoiweza, na kuingilia kati kwa ghafla mambo yanapoharibika, wakati ambapo ustadi wake umekwisha kupata kutu kwa kukosa mazoezi. Tukio asilolizoea, na muda usiotosha! Msikilizaji atatambua kwamba hizo ndizo zile hali mbili zinazozidisha makosa kwa mara 17 na mara 11.

Bishara hiyo ilithibitika kwa damu usiku wa tarehe 18 Machi 2018, katika mji wa Tempe, jimboni Arizona. Gari la majaribio la kampuni ya Uber lilikuwa likijiendesha lenyewe, huku mwangalizi mmoja akiwa ameketi mbele ya usukani. Mwanamke mmoja alikuwa akivuka barabara kwa miguu, akisukuma baiskeli yake. Uchunguzi wa Bodi ya Taifa ya Usalama wa Uchukuzi ya Marekani, uliokamilika Novemba 2019, ulibaini kwamba vitambuzi vya gari vilimwona sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Lakini kompyuta ilibadilisha mawazo mara kadhaa: mara ni gari, mara ni kitu kisichojulikana, mara ni baiskeli. Haikuwa imeandaliwa kutarajia kwamba mtu anaweza kuvuka mahali pasipo na alama za kuvukia. Mfumo wa breki za dharura uliotoka kiwandani na gari hilo ulikuwa hautumiki wakati gari linajiendesha. Na mwangalizi? Macho yake yalikuwa kwenye simu. Mwanamke yule alifariki dunia.

Bodi hiyo ilisema wazi kwamba chanzo cha ajali kilikuwa kushindwa kwa mwangalizi kufuatilia barabara. Lakini haikuishia hapo. Iliitia hatiani pia kampuni kwa kutotathmini hatari ipasavyo, kwa kutowasimamia vyema waangalizi wake, na kwa kutokuwa na njia ya kukabiliana na ile hali ya mtu kubweteka anapozoea mashine inayofanya kazi vizuri. Itakumbukwa kwamba miezi michache kabla ya ajali, kampuni hiyo ilikuwa imepunguza idadi ya waangalizi katika kila gari kutoka wawili hadi mmoja. Waendesha mashtaka waliona kwamba kampuni haikuwa na kesi ya jinai ya kujibu. Mwangalizi alikiri kosa mwaka 2023 na kupewa adhabu ya miaka mitatu chini ya uangalizi bila ya kufungwa.

Ni katika muktadha huu ndipo inapofaa kuipima ile kauli inayorudiwa kila mara, kwamba ajali 94 katika kila 100 husababishwa na makosa ya madereva. Kauli hiyo ilitokana na ripoti ya mwaka 2015 ya idara ya serikali ya Marekani inayohusika na usalama wa barabarani. Ripoti yenyewe ilieleza kwamba kosa la dereva lilikuwa ni kiungo cha mwisho katika mnyororo wa matukio, na ikatahadharisha kwamba kiungo hicho kisichukuliwe kuwa ndicho chanzo cha ajali. Tahadhari hiyo ilisahauliwa haraka. Mwaka 2022, Jennifer Homendy, mwenyekiti wa bodi iliyochunguza ajali ya Tempe, alihimiza kwamba takwimu hiyo iachwe kutumiwa, kwa kuwa inawapa wengine wote nafasi ya kunawa mikono: watengenezaji wa magari, wajenzi wa barabara na wapangaji wa ratiba.

Mjadala huu unaweza kudhaniwa kuwa ni wa nchi tajiri pekee. Ukweli ni kwamba umekwisha kufika Afrika Mashariki kwa njia nyingine. Tanzania, iliyokuwa imezuia mabasi ya abiria kusafiri usiku tangu miaka ya 1990, iliruhusu tena safari za saa 24 mwaka 2023. Mabasi ya masafa marefu nchini humo hufuatiliwa kwa chombo kinachotuma habari za mwendo kwa mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, LATRA, na dereva hutakiwa kujitambulisha kwa kitufe maalumu ili ijulikane nani yuko kwenye usukani. Kenya nayo, mwishoni mwa mwaka 2017, ilipiga marufuku kwa muda safari za mabasi za usiku baada ya mfululizo wa ajali mbaya.

Chombo cha kufuatilia mwendo ni hatua njema, na hakuna anayeweza kuibeza. Kinaijua kasi, na kinamjua dereva. Lakini hakijui dereva huyo aliamka saa ngapi. Hata katika nchi za Ulaya, ambako sheria humtaka dereva wa lori apumzike dakika 45 baada ya kuendesha saa nne na nusu, kinachohesabiwa katika kanuni hiyo ni saa za usukani. Mwili huhesabu saa za kukaa macho. Dereva aliyeshinda mchana kutwa akipakia mizigo, au aliyepanga foleni mpakani usiku kucha, anaweza kuanza safari akiwa ndani ya kanuni hiyo na nje ya usalama. Na ikiwa malipo yake ni kwa idadi ya safari, hakuna kamera itakayomshawishi aegeshe gari na kulala ilhali kila saa ya usingizi inakatwa katika riziki ya watoto wake.

Hilo ndilo funzo la vielelezo hivi vyote vya kihesabu, na linawahusu madereva wa mabasi ya Dodoma na Mwanza kama linavyowahusu madereva wa malori katika barabara za Uingereza, Marekani na Ghuba. Mwenye kutaka kujua kama dereva anategemeka hana budi kuuliza maswali mengine pia: alilala saa ngapi, ratiba ilipangwa na nani, chombo chake humwonya lini na humsumbua lini, na mashine ikishindwa itamrudishia usukani akiwa na sekunde ngapi mkononi. Majibu ya maswali hayo yako katika ofisi ya mwenye gari, katika karakana ya mbunifu na katika meza ya mtunga sheria, kabla hayajafika kwa dereva.

Naye abiria ana haki yake. Ana haki ya kuuliza kabla ya kupanda kama dereva ana mwenzake wa kupokezana naye, na amepumzika tangu lini. Swali hilo si utovu wa adabu. Fundi huulizwa habari za breki na hachukii.

Kwa walio safarini, Mwenyezi Mungu awafikishe salama. Na kwa aliyeushika usukani huku kope zimeanza kuwa nzito, njia iko palepale na wala haihami: aegeshe, alale, kisha aendelee.